Shingo ya Mtu Mmoja

Mwezi ukiwa mpevu, chisense hawana haja na taa. Samaki hawa wadogo wa Ziwa Mweru, walio wa ukoo mmoja na dagaa wa Tanganyika, huvuliwa usiku wa giza: taa huwashwa juu ya maji, vidudu hujikusanya kwenye mwanga, chisense hufuata vidudu, wavu hufuata chisense. Mwezi ukishalimulika ziwa zima bure, taa ya mvuvi haimwiti yeyote. Ndiyo sababu usiku ule Taa alikuwa ametundikwa msumarini ndani ya banda la video la Kashikishi, mji pacha wa Nchelenge, hana kazi, ana maneno.

Chini yake, rafuni, alikaa Bibi Sufuria. Bibi ni redio. Alizaliwa 1949, wakati Rhodesia ya Kaskazini ilipokuwa ikitafuta redio ambayo mtu asiye na umeme wala mshahara mnono angeweza kuimudu. Harry Franklin, mkuu wa habari wa Lusaka, aliwashawishi watu wa Ever Ready kule Uingereza waiunde: ya duara, ya alumini, imepakwa buluu, bei pauni 5. Wakaiita Saucepan Special. Betri ya Bibi ilikufa zamani, na siku hizi mwenye banda humtumia kuhifadhia chenji.

Ukutani alikuwapo Shangazi Runinga, bapa, mtulivu, mwenye kijiti cha Chromecast mgongoni. Kando yake alikonyeza Ruta, ambaye hukonyeza hata asipokuwa na la kusema. Na juu ya kiti cha plastiki aliketi mgeni: Miwani wa uhalisia pepe, mweupe, mwenye mikanda, aliyeletwa na mpwa wa mwenye banda kutoka Lusaka. Kijana alikuwa ametangaza sokoni kwamba usiku huo angeingia dunia nyingine, na banda zima lingeona anachokiona, bila waya.

Mke wa mwenye banda ni wa Pweto, ng'ambo ya Kongo, pale maji ya Mweru yanapotoka kuwa mto Luvua. Kwa hiyo vyombo vya banda hilo vinazungumza Kiswahili cha Katanga kilichochovywa kwenye Kibemba. Hapa kimenyooshwa kidogo kwa ajili ya msomaji.

“Mwapoleni mukwai,” Bibi Sufuria alimkaribisha mgeni. “Watokea wapi, mjukuu?”

“Shikamoo, Bibi. Akaunti yangu iko kwa Meta, California. Mwili niliupata China.”

“Mengi hayo kwa mtu mmoja. Na kazi yako?”

“Kuonyesha, Bibi. Nina vioo viwili, kila jicho na chake, na picha hizo mbili hazilingani kabisa. Ubongo wa anayenivaa huziunganisha, akaona kina: hiki kiko karibu, kile kiko mbali. Akigeuza kichwa, dunia yote inageuka naye. Akitazama juu anaona mbingu.”

“Na sisi tuliokaa?” aliuliza Shangazi Runinga.

Miwani alisita kidogo. “Ninyi mtapata jicho moja.”

Taa alicheka hadi akayumba msumarini. Miwani, aliyekuwa bado na adabu za ugenini, alieleza polepole. Runinga ni bapa, haina mahali pa kuweka kina, kwa hiyo hutumiwa picha ya jicho moja tu, tena iliyokatwa kingo ili ikae kwenye umbo la kioo chake. Picha hiyo husindikwa iwe nyepesi, hurushwa kwa Ruta, Ruta huipeleka kwenye kijiti, kijiti hukifungua kifurushi, ndipo Shangazi anaonyesha. Safari hiyo ni fupi, lakini ni safari. Anayevaa anaona ngumi ikitua; walio kwenye mabenchi wanaiona baadaye kidogo, kijana akiwa ameshaanza kushangilia.

“Sharti tuwe kwenye waifai moja,” aliongeza Ruta, akikonyeza. “Na msinisimange kuhusu bando. Akaunti ndizo zinazotaka kutoka nje kuulizia ruhusa. Picha yenyewe inapita kwangu tu, haiendi Amerika ikarudi. Nina mawimbi ya aina mbili. Ya gigahezi 2.4 yanakwenda mbali na kupenya ukuta, ila ni ya polepole na kila mtu anayo. Ya gigahezi 5 yana kasi, lakini tofali likisimama mbele yanakata tamaa. Kijana akitaka picha isikwame, asinifungie chumba cha pili kama mbuzi.”

“Kutoka nje kuulizia ruhusa ndiko kunakonitisha,” alisema Shangazi. “Machi 2025 vijiti vya Chromecast vya kizazi cha pili viligoma dunia nzima. Havikuwa vibovu. Cheti kilichomo ndani kilikuwa kimekwisha muda. Hebu fikirieni: kijiti kizima, runinga nzima, umeme upo, na bado huonyeshi, kwa sababu karatasi imepitwa na tarehe! Hata wale wa forodhani, mama wa samaki akishusha mzigo kutoka Kilwa ya Kongo, huwa wanaongeleka.”

Ruta alikubali kwamba Google walilirekebisha jambo hilo baada ya siku kadhaa. Shangazi alijibu kwamba siku kadhaa kwa banda la video ni ada ya shule.

Bibi Sufuria alikuwa bado anatafuna lile la jicho moja.

“Zamani zangu,” alisema, “Lusaka ilisema nami nikasema. Walikaa watu ishirini wamenizunguka, mmoja ananisikiliza kwa mbele, mwingine kwa nyuma, mwingine anasonga ugali kule jikoni. Wote walipata neno lilelile. Sauti haina shingo.”

“Una maana gani, Bibi?” aliuliza Miwani.

“Wewe una shingo, mjukuu. Tena si yako, ni ya huyo kijana.”

Hapo ndipo maongezi yalipochangamka, na ni haki kusema kwamba Bibi, pamoja na chenji zote zilizomjaa tumboni, ndiye aliyekigusa kiini. Watu husema miwani inashirikisha dunia. Kinachofika ukutani si dunia, ni mwelekeo wa kichwa cha mtu mmoja. Yeye ana uhuru wa kugeuka. Wengine hawana hata uhuru wa kutogeuka.

Shangazi Runinga aliyaleta kwenye mpira, kwa kuwa ndiko anakopatia chakula. “Februari 2012, Libreville, fainali ya Afrika, Zambia na Kodivaa. Mimi nilikuwa sijanunuliwa. Alikuwapo marehemu Chogo, runinga ya zamani, yule mwenye mgongo mkubwa, na alinisimulia mara nyingi kabla hawajampeleka kwa fundi asirudi. Dakika 120 bila bao. Penalti zimefika 7 kwa 7. Kolo Touré anapiga, Mweene anapangua. Kalaba anapaisha. Gervinho naye anakosa. Stoppila Sunzu anaufuata mpira. Haya, sasa banda zima linatazama kupitia shingo ya bwana mmoja, na saa hiyohiyo bwana anageuka kutafuta chupa yake ya bia ya Mosi.”

“Wangemuua,” alisema Taa.

“Kombe lingekuja Zambia, na Kashikishi ingekuwa imeona chupa.”

Miwani alijitetea kwamba mambo ya mmoja kuona na wengi kufuata hayakuanza naye. Alikuwa na hoja. Mwaka 1935 lori la sinema la mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, wenye makao yake Vugiri, milima ya Usambara, lilizunguka kuanzia Tanganyika hadi Rhodesia ya Kaskazini likionyesha filamu za mafunzo. Walioketi mbele ya shuka jeupe walitazama pale mpiga picha alipotaka watazame. Na katika mabanda ya video, VJ Jingo kule Kampala, DJ Afro kule Kenya na Lufufu kule Dar es Salaam walijipatia jina kwa kusimama kati ya filamu na watu, wakitafsiri, wakitia chumvi, wakimpa mwigizaji wa Hong Kong jina la mtaani.

“Hao wanajua kwamba wana watu,” alisema Shangazi. “Mpiga picha anajua anapigia wengi, akashika kamera ikatulia. VJ akiona banda limelala anaongeza utani. Lakini aliyekuvaa wewe amefunikwa macho. Yeye hatuoni. Anageuza kichwa kama kuku anayesikia mwewe, na mama aliyekaa benchi la mbele anaanza kushika tumbo.”

Lile la kushika tumbo ni kweli tupu. Anayevaa hageuki bila masikio na misuli yake kujua kwamba anageuka. Anayetazama ukutani amekaa kitako, na macho yake yanaambiwa kwamba chumba kinazunguka. Ndiyo maana kichwa kinachohangaika huchosha watazamaji.

Miwani aliamua kutoa silaha yake kubwa. Januari 2015, alisema, wakubwa wa dunia waliokutana Davos walivalishwa miwani, wakaonyeshwa filamu ya Umoja wa Mataifa, *Clouds Over Sidra*, kuhusu msichana Msyria wa miaka 12 katika kambi ya Zaatari, Jordan. Mwaka huohuo Chris Milk, mmoja wa walioitengeneza, alisimama jukwaani akaisifu miwani kuwa mashine ya kutia watu huruma.

“Huruma imefika?” aliuliza Taa.

“Ilipimwa kwa michango, Mjomba.”

“Na Sidra alivaa, akawaona wao pale Davos?”

Miwani alikiri kwamba upande huo haukupangwa.

“Nauliza kwa sababu naujua mchezo,” alisema Taa. “Mimi nikiwashwa, chisense wanakuja kwa furaha, wanaona mwanga mzuri ajabu. Aliyenishika hawamwoni.”

Kimya kifupi kilipita, Ruta akakikonyezea. Kisha Miwani, pengine kwa kuchoka kushindwa, akasema jambo la maana kuliko yote aliyoyasema usiku huo. Kule Lusaka, madaktari wa Hospitali ya Chuo Kikuu na wenzao wa Southern Methodist University ya Texas wamewahi kujaribu miwani kuwafundisha madaktari upasuaji mgumu wa saratani ya mlango wa kizazi, na makala yao ikachapishwa 2019. Mwanafunzi akivaa miwani anaweza kurudia hatua zilezile bila mgonjwa kuumia.

“Sasa hapo,” alisema, “mwalimu akiwa na kioo pembeni, hataki kuiona dunia yote. Anataka kujua mwanafunzi anatazama wapi kabla ya kukata. Akitazama pasipo, anamwambia, rudi.”

“Hapo shingo ndiyo somo,” alisema Bibi.

“Ndiyo, Bibi.”

“Hilo ungelisema tangu ulipofika, tusingegombana.”

Mlango ulifunguliwa. Wavuvi waliingia, kwa kuwa mwezi umewapa likizo. Wanawake wanaonunua samaki wakaingia, watoto wakapenya kati ya miguu. Banda lina sola na betri yake, iliyonunuliwa baada ya ukame wa 2024 kulishusha bwawa la Kariba hadi shirika la umeme, ZESCO, likawa linakata umeme sehemu kubwa ya siku. Betri hiyohiyo ndiyo humpa Taa chakula ziwani usiku wa giza, na Taa aliikumbusha hadhara kwamba miwani hizi hudumu saa mbili hivi kwa chaji moja, na zikiwa zinarusha picha hupungukiwa upesi zaidi.

Kijana akavaa. Akatafuta jina la kijiti, akakubali, na Shangazi akang'aa: chumba cha mazoezi ya ndondi, glavu mbili zinaning'inia hewani. Kwa dakika chache banda lilitazama ukutani. Halafu mtoto mmoja akageuka akamwona kijana mwenyewe, mtu mzima, kafunikwa uso, anapigana na upepo wa Kashikishi huku akirudi nyuma kuelekea kreti la soda. Kicheko kikaanza benchi la nyuma. Muda si mrefu hakuna aliyekuwa akimtazama Shangazi Runinga.

“Mimi naonyesha nini hapa?” alilalamika.

“Onyesha tu,” alisema Taa. “Mwezi ukichomoza nikiwa ziwani, mimi pia hubaki nimewaka.”

Kijana, akisikia vicheko, alidhani anashinda. Alibadilisha programu, akawafungulia filamu ya kulipia aliyoinunua Lusaka. Yeye aliiona vizuri. Ukutani kukawa giza totoro. Filamu nyingine zina kufuli ya hakimiliki, na kufuli hiyo hairuhusu picha kurushwa kwingine. Aliyelipa ni mmoja, atazame mmoja. Mabenchi yakapiga kelele za kudai hela. Yeye akawa amesimama katikati akitabasamu, anatazama jambo zuri ambalo hakuna mwingine aliyelijua.

Mwenye banda, ambaye hajawahi kukosa biashara kwenye ghasia, alichukua kipande cha chaki. Kuvaa, kwacha 10. Kutazama runinga, kwacha 2. Kumtazama anayevaa, kwacha 5. Safari hii hakuna aliyebisha, na foleni ya kwacha 5 ndiyo ilikuwa ndefu.

“Na wanaosikiliza?” aliuliza Bibi Sufuria, chenji zikimlia tumboni. “Wapo nje, wameegemea mabati, wanacheka pamoja na ninyi. Hao vipi?”

Kana kwamba amemsikia, mwenye banda alitoa kichwa dirishani akahesabu vivuli. Akarudi, akaandika mstari wa nne: kusikiliza, kwacha 1. Kisha akaufuta kwa kiganja haraka haraka. Mmoja wa waliokaa nje alikuwa mama mkwe wake, aliyevuka ziwa Jumanne kutoka Pweto na hajasema anarudi lini.