Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Kazi: Tunaomba Mfanyakazi Aulizwe

Mheshimiwa Waziri wa Kazi na Ulinzi wa Jamii,
Nairobi.

Nakuomba idhini nilete shauri moja mbele yako. Mimi ni karani wa mishahara katika kiwanda kimoja cha Changamwe, Mombasa. Najua meza yako ina mambo makubwa kuliko haya, na kwa muda utakaoutoa kunisoma nakushukuru tangu sasa. Nimeandika hadharani kwa kuwa jambo hili linawahusu watu wengi wasio na njia ya kukufikia, nao wanastahili kusikia ninachowaombea.

Ninachoomba, Mheshimiwa, ni hiki: kabla mwajiri hajaamua fungu la pili la makato ya uzeeni, nitakalolieleza hapa chini, liende kwenye mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, yaani NSSF, au liende kwenye skimu ya pensheni ya kampuni, mwenye pesa aelezwe, aulizwe, na jibu lake liwekwe kwa maandishi.

Niruhusu kwanza nitoe shukrani inayostahili. Kwa miaka mingi mfanyakazi wa nchi hii alikatwa shilingi 200 kwa mwezi, mwajiri akaongeza 200 zake, basi. Bawabu na meneja walikatwa sawa, na wote wawili walizeeka na akiba isiyotosha. Sheria ya NSSF ya mwaka 2013 ilitungwa kuondoa hali hiyo, ikazuiliwa na kesi kwa miaka, hadi Mahakama ya Rufani ilipoifungulia njia Februari 2023. Tangu hapo mfanyakazi hutoa asilimia 6 na mwajiri asilimia 6, na kikomo cha mshahara unaohesabiwa kimepanda kila Februari: 18,000, kisha 36,000, kisha 72,000, na mwaka 2026 shilingi 108,000. Manung'uniko nayasikia kila mwisho wa mwezi, maana watu huja kwangu kwanza. Hata hivyo naamini kwa dhati kwamba hatua hii ilikuwa ya lazima, na waliosimama nayo wakati wa lawama walitutendea wema.

Sasa, kwa ruhusa yako, nieleze yalivyo kwenye pesilipu. Mtu anayelipwa shilingi 50,000 hukatwa 3,000, na mwajiri huongeza 3,000. Katika pesa hizo kuna mafungu mawili. La kwanza huhesabiwa kwenye shilingi 9,000 za mwanzo za mshahara: 540 zake na 540 za mwajiri. Hizo lazima ziende NSSF, na sina neno juu yake. Fungu la pili ndilo kubwa. Ni 2,460 zake na 2,460 za mwajiri, jumla 4,920 kila mwezi, karibu shilingi 59,000 kwa mwaka. Kwa hilo, sheria inamruhusu mwajiri kuomba kwa Mamlaka ya Kusimamia Malipo ya Uzeeni, yaani RBA, ili alipeleke kwenye skimu iliyoidhinishwa. Mwombaji ni mwajiri. Mfanyakazi, ambaye nusu ya pesa hizo zimetoka katika jasho lake na nusu ya pili ni sehemu ya ujira wake, mara nyingi hupata habari baadaye, na wapo wasioipata kabisa. Nimekaa na watu wazima, mafundi hodari, wasiojua fungu lao la pili liko wapi.

Wakiniuliza, "Karani, wapi kuzuri?", siwezi kuwapa jibu moja, Mheshimiwa, na hapa ndipo ulipo uzito wa ombi langu. Kijana anayefanya kazi katika hoteli za Diani huajiriwa msimu wa wageni, akasimamishwa mvua za masika zinapoanza, na mwaka unaofuata yuko hoteli nyingine. Huyo, kwa maoni yangu, anafaidika na NSSF. Nambari yake ya uanachama ni ileile popote aendapo, na asipokuwa na mwajiri anaweza kuendelea kuweka shilingi 25 kwa siku kupitia mpango wa Haba na Haba. Akiingizwa katika skimu ya kila mwajiri, atafika miaka 60 na vijiakiba vinne au vitano vilivyotawanyika, kila kimoja na fomu zake, na baadhi ya kampuni hizo hazipo tena.

Lakini yupo mama mpakiaji wa chai aliyedumu kwa mwajiri mmoja tangu ujana wake. Skimu ya kazini ikiwa inaendeshwa vizuri, inampa mambo asiyoyapata kwingine. Katika skimu ambayo mafao hutegemea michango na faida yake, angalau nusu ya wadhamini huchaguliwa na wanachama wenyewe, kwa hiyo anaweza kumpigia kura mwenzake wa pale pale kiwandani na kumuuliza maswali kwenye mkutano wa mwaka. Anapata taarifa ya akaunti yake kila mwaka. Akitaka nyumba, kanuni zinamruhusu kutumia hadi asilimia 40 ya akiba yake, isizidi shilingi milioni 7, kununua makao, au kuweka hadi asilimia 60 kuwa dhamana ya mkopo wa nyumba. Kwa mtu anayepanga Mikindani au Magongo, hilo ni jambo la kuamua maisha.

Na Serikali yenyewe, ikivaa kofia ya mwajiri, inaijua thamani hiyo. Tangu Januari 2021, walimu, polisi na watumishi wa umma waliokuwa chini ya miaka 45 wamo katika skimu ambayo mtumishi huchangia asilimia 7.5 na Serikali asilimia 15. Tunaipongeza Serikali kwa moyo mweupe, tena tunatamani waajiri wa viwandani waufuate mfano huo.

Kinachonisumbua ni kwamba wengine wameufuata kinyume. Kampuni iliyokuwa ikiweka asilimia 10 kwa kila mfanyakazi kwenye skimu yake inaweza kutoa humo asilimia 6 za NSSF na kuiachia skimu kilichobaki. Kwa jumla mwajiri halipi zaidi, na mfanyakazi anayeona makato yamepanda hudhani akiba yake imeongezeka kwa kiasi hicho hicho. Huenda mpango wenyewe una sababu nzuri, kwa maana biashara nyingi zina hali ngumu, nami nawaona wakubwa wangu wanavyohangaika. Lakini makubaliano kama hayo hayapaswi kufanyika bila ya kumwambia anayepunguziwa. Jambo la pili linauma zaidi. RBA imeeleza mara kwa mara kwamba kuna mabilioni ya shilingi yaliyokatwa kwenye mishahara na hayajafikishwa kwenye skimu, na miongoni mwa wadaiwa wakubwa ni vyuo vikuu vya umma na kaunti. Mfanyakazi wa mwajiri wa namna hiyo ana haki ya kujua deni lipo kabla fungu lake la pili halijaelekezwa huko.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, kwa unyenyekevu wote napendekeza yafuatayo, nawe ndiwe mwenye kuyapima. Sheria inataka ombi la kupeleka fungu la pili kwenye skimu lifike RBA siku 60 kabla. Siku hizo zinatosha kabisa kumpa kila mfanyakazi karatasi moja ya Kiswahili sanifu, inayoeleza pesa zake zinakwenda wapi sasa, zinapendekezwa ziende wapi, mwajiri atachangia kiasi gani kabla na baada, na kama mwajiri ana malimbikizo yoyote. Aitie saini ya kukubali au kukataa. Anayekataa, fungu lake libaki NSSF. Vivyo hivyo mwajiri anapotaka kulirudisha NSSF kutoka kwenye skimu, watu waulizwe tena. Na kwenye pesilipu, kando ya makato, jina la mahali fungu la pili lilikopelekwa liandikwe. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 tayari inamtaka mwajiri aonyeshe kila kato na sababu yake. Tunaomba mstari mmoja zaidi. Kwa upande wetu makarani, naweza kukuhakikishia kwamba kazi hiyo si nzito. Programu za mishahara tunazotumia zinaweza kuongeza mstari huo asubuhi moja.

Natambua kwamba NSSF iko chini ya wizara yako, ilhali RBA iko chini ya Hazina Kuu. Pengine ndiyo sababu jambo hili limekosa mwenyewe: mfanyakazi anayelalamika huku huelekezwa kule. Wewe una nafasi ya kuzungumza na Waziri mwenzako kwa namna ambayo hakuna karani wala chama cha wafanyakazi kinachoweza. Na iwapo pana hofu kwamba watu wakiulizwa watakimbia NSSF, naomba kwa heshima niseme kwamba sivyo ninavyowaona hapa. Wengi wangebaki. Wangebaki wakijua kwa nini wamebaki, na wasingekuja dirishani kwangu kila Februari wakiamini wameibiwa.

Nimeambatanisha mfano wa karatasi hiyo niliyoieleza, ukurasa mmoja, bila ya jina la mtu wala kampuni. Ukiona inafaa, maafisa wako waitumie wapendavyo, waibadilishe, au waitupe na kuandika iliyo bora. Wakihitaji karani wa kuwaeleza jinsi makato yanavyopita kutoka pesilipu hadi benki, nitakuja kwa nauli yangu siku yoyote isiyokuwa ya kulipa mishahara. Endapo nimevuka mpaka wa adabu katika neno lolote, naomba uniwie radhi. Nia yangu ni njema kwako na kwa hao ninaowaandikia hesabu zao.

Wako mtiifu, kwa taadhima,

Karani wa mishahara,
Changamwe, Mombasa.