Mguu wa Kushoto Nao Umepata Kazi

Mtaa wetu una dereva wa rali, jamani. Kasikia kwamba Erik Carlsson, Mswidi aliyeshinda Rali ya Monte Carlo mwaka 1962 na 1963 kwa Saab 96, alikuwa akikanyaga breki kwa mguu wa kushoto, wa kulia ukibaki kwenye mafuta. Mwenzetu Carlsson alikuwa na sababu. Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, ukiliingiza kona kwa kasi, hugoma kukata na kutaka kwenda moja kwa moja porini. Ukigusa breki kidogo, uzito unakuja mbele, tairi za mbele zinashika, mkia unakuwa mwepesi, pua inageuka. Na injini hailali, maana mafuta hukuyaachia.

Bingwa wetu anayafanya hayo kwenye foleni ya Mwenge, ndani ya Vitz ya otomatiki. Mguu uliolelewa na klachi haujui kugusa, unajua kudidimiza tu. Taa za breki zinawaka tangu nyumbani hadi kazini. Mkewe siku hizi anapanda daladala, anasema kuna utulivu. Fundi ndiye shabiki aliyebaki: anamwita “chifu”, na pedi mpya anamwekea kabisa pembeni.