Chai Unaisifu, Maji Je?

Mfyuu! Yaani siku hizi hata hapa Magongo, Mombasa, mtu hawezi kunywa chai yake kwa amani. Umekaa kwenye benchi la kibanda, hamri hujaling'ata, ushaulizwa: "Mzee, hayo majani unayokunywa ni ya aina gani?" Aina gani! Chai ni ya moto, ni ya leo, na imelipiwa. Aina nyingine ya nini?

Chanzo cha haya yote ni kijana wa mtaa aliyerudi kutoka Dubai na buli la kioo na vikopo vya majani makavu. Akavipanga juu ya meza ya mama wa mahamri kama mganga aliyefungua mkoba. Hii chai nyeupe. Hii ya kijani. Hii ya zambarau, ya papa hapa Kenya. Haya maua ya rosela, huu mchaichai, hii mint ya Morocco. Ati tuonje kimoja kimoja, tulinganishe, halafu kila mtu aseme anachosikia ulimini. Mzee mmoja, dereva wa trela aliyestaafu, akafyonya mpaka paka akaamka. "Kijana wangu, mimi nimeibeba chai maisha yangu yote. Hakuna siku niliyoulizwa naisikiaje."

Na mzee ana haki yake. Mti wa chai haukubali pwani. Kwetu ni joto, na tuko chini mno. Unataka baridi ya Kericho, Nandi, Murang'a na Kisii. Lakini majani yenyewe karibu yote lazima yateremke kwetu. Yanakuja na malori, ya Kenya na ya Uganda, Rwanda, Burundi, Malawi na kwingineko, yanalazwa kwenye magodauni ya Changamwe, Miritini na Shimanzi yakingoja mnada. Mnada huo ulianzia Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa 1969, na mpaka leo ni kila wiki. Zamani wanunuzi walikuwa wakipigiana kelele ukumbini. Korona ilipoingia 2020, kelele zikahamia kwenye kompyuta. Bei ni ya dola. Basi hebu fikiria: chai ya nchi kadhaa za Afrika inalala jirani na wewe, vibarua wa mtaani kwako wanarudi jioni nguo zinanukia majani, na wewe unatuma mtoto dukani akuletee kipakiti kilichokaa rafu moja na sabuni ya kufulia.

Tena hilo la sabuni si mzaha. Majani makavu hunywa kila harufu iliyo karibu: sabuni, mafuta ya taa, vitunguu, papa mkavu. Na unyevu wa hewa yetu hii ya bahari unayalegeza upesi. Majani yaliyokaa wazi mwezi mzima Magongo si majani tena. Halafu mtu anakwambia chai ya siku hizi haina ladha. Ladha iko, bwana, ila ni ya sabuni.

Sasa kijana akatueleza habari za waonjaji wa mjini, wale wanaoonja kabla ya mnada ili madalali na wanunuzi wajue bei iende wapi. Watu walicheka, lakini aliyosema ni kweli. Kuna kipimo cha dunia, ISO 3103, kilichotolewa 1980: gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yaliyochemka, ndani ya chombo cha kauri, dakika 6, basi. Vikombe vinapangwa safu ndefu. Mwonjaji anapita na kijiko, anafyonza kwa kelele, anazungusha mdomoni, anatema kwenye ndoo, anasogea kikombe cha pili. Mamia kwa siku. Angemeza, jioni angekuwa hoi, macho kodo mpaka alfajiri.

"Afyonze kwa kelele?" mama wa mahamri akauliza. "Mwanangu akifyonza hivyo mbele ya wageni, namtoa nje." Naam mama, wa kwako anatolewa nje, yule analipwa mshahara. Lakini kelele ile ina kazi. Ukivuta chai pamoja na hewa, inarushwa matone madogo madogo mpaka nyuma ya koo, na harufu inapanda puani kutokea ndani. Ulimi peke yake unajua uchungu, utamu, uchachu, chumvi na ile ladha ya mchuzi wa nyama. Mengine mengi unayosema umeyaonja, umeyanusa. Ndiyo maana ukiwa na mafua chai ya iliki na maji ya moto ni ndugu.

Tatizo la kijana lilianza alipogusa vumbi. Ati sisi tunakunywa vumbi, majani mazima yanakwenda Ulaya. Aka! Wimbo huo tumeusikia miaka, na kila anayeuimba anautikisia kichwa kana kwamba ametoboa siri ya serikali. Dereva mstaafu, aliyekuwa akisoma alama kwenye magunia kila siku ya kazi, akamkata kauli. Chai nyingi ya Kenya haina hayo majani mazima tangu mwanzo. Inapita kwenye mashine ya kukata, kurarua na kukunja, ufundi uliozuliwa India miaka ya 1930, na inatoka punje. Punje zinachekechwa: kubwa ni BP1, ndogo yake PF1, kisha PD, kisha D1, hiyo "Dust 1". Ni ukubwa wa punje, yakhe, si daraja la heshima. Punje ndogo inatoa rangi upesi na nguvu upesi, na wako wanunuzi wanaoililia hiyo hiyo D1. Mabaki yapo kweli, yale yenye nyuzinyuzi na vijiti, lakini yana alama zake nyingine. Mtu asiyejua kutofautisha vumbi na mabaki asitufundishe kuonja.

Na mnunuzi mkubwa wa chai hii ni nani? Si bibi wa London mwenye kikombe chembamba. Ni Pakistan. Wapakistani wanatia majani sufuriani, wanatia maziwa, wanachemsha mpaka inatokota, wanaongeza sukari bila aibu. Yaani bei ya dola inayotikisa mkulima wa Kericho inapangwa, kwa sehemu kubwa, na watu wanaokunywa chai vile vile inavyonywewa hapa kwa mama wa mahamri. Kwa hiyo kijana ile dharau yake ya "nyinyi mnachemsha chai kama supu" airudishe ndani ya mkoba. Kuchemsha na maziwa kuna akili yake: chai ikikaa motoni inatoa ukakasi, na maziwa yanaushika ukakasi ule, yanaulainisha. Anayekosea ni yule anayeuacha mkandaa, chai isiyo na maziwa, motoni kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nne, halafu anamwuzia mteja wa saa nne kwa bei ya mteja wa saa kumi na mbili. Huo si mkandaa, ni rangi ya mbao.

Tukaingia kwenye viungo na majani ya shambani, na hapo kila mtu ni daktari. Mchaichai ulipata kura nyingi, na kwa haki: unaota kando ya mfereji bila kuombwa, ukiyaponda kidogo majani yake kabla ya kuyatia yanatoa harufu ya ndimu bila uchachu wa ndimu. Mrehani unanukia vizuri lakini ukizidisha unajikuta unakunywa sherehe ya harusi. Mdalasini hautaki haraka, ni gome, upe muda. Karafuu ni dikteta: mbili zinatosha birika zima, ya tatu inafukuza wengine wote. Tangawizi ndiyo mfalme wa Magongo, lakini ina hila. Ukiitia mbichi pamoja na maziwa, maziwa yanakatika, kwa sababu ndani yake mna kitu kinachovunja protini ya maziwa. Itangulize kwenye maji, ichemke barabara, ndipo maziwa yaingie. Mama wa mahamri anajua hivyo bila kusoma kitabu. Kijana wa Dubai alikatikiwa na maziwa mbele ya watu wazima, na bodaboda wote wakashuhudia.

Rosela usiitie maziwa kabisa, ni chachu, utapata mtindi mwekundu. Ikinywewa na barafu saa nane mchana, jua la Magongo likipiga mabati, hakuna soda inayoifikia. Mkilifi, huo mwarobaini, ni mchungu kiasi cha kumfanya mtu akumbuke madeni yake. Na hapo hapo nataka nimsonye yule bwana wa kipaza sauti anayepita na mizizi kwenye beseni, dawa moja ya sukari, presha, mgongo, nguvu za kiume na kesi mahakamani. Ikitibu kila kitu, bwana, mbona wewe mwenyewe unakohoa tangu Jumatatu? Kinywaji cha majani kiwe kinywaji. Ugonjwa upelekwe hospitali.

Ikaja chai ya zambarau. Hii ina hadithi. Watafiti wa chai wa Kericho waliitoa kwa wakulima mwaka 2011, mche unaoitwa TRFK 306, majani yake yana rangi ile ile inayopaka zabibu. Kijana akaimimina kwenye kikombe cheupe, akasema sasa tazameni, ukikamulia ndimu inageuka waridi. Tukatazama. Kikombe kilikuwa cha rangi ya maji ya kuoshea sufuria. Akaonja, akakunja uso. Akaonja chai ya kijani aliyoisifu kuanzia asubuhi. Uso ukakunjika zaidi. "Dubai haikuwa hivi," akasema.

Mama wa mahamri akafyonya fyonyo moja fupi, la mtu aliyekuwa akingoja muda mrefu. "Mwanangu, umeuliza majani tu. Maji ulichota wapi?"

Alichota kisimani. Kisima cha nyuma ya plot, kile tunachofulia na kudekia. Mama akatia vyombo viwili motoni, kimoja maji ya kisima, kimoja maji ya mfereji aliyoyaweka kwenye pipa siku mfereji ulipotoka, majani yake meusi ya kibanda yale yale, kipimo kile kile. Vikombe viwili vikawekwa pamoja. Cha kisima kilikuwa cheusi kimefifia, juu kimetanda utando, mdomoni chumvi kwa mbali. Cha mfereji chekundu, kinang'aa, kinanukia. Mtu angeweza kudhani ni chai mbili za bei mbili tofauti. Hata rosela ya kisima ilielekea zambarau badala ya wekundu wake.

Na sababu si uchawi. Maji ya visima vyetu yamebeba chokaa na chumvi. Chokaa inashikana na ile dawa ya chai inayotoa rangi na ukakasi, inafanya utando juu na kuizima rangi. Maji yenye magadi yanaitia giza. Ndimu, kwa kuwa ni chachu, inaifungua. Kikombe cha chai karibu chote ni maji. Utanunua majani ya mnada, utaleta buli la kioo, utasoma ISO mpaka usinzie. Ukimimina maji ya chumvi, umeonja kisima.

Hapo ndipo gumzo lilipoacha kuwa la chai. Maana maji matamu ya Mombasa nayo yana safari yake ndefu, kama majani. Bomba la chemchemi za Mzima, huko Tsavo, linatuletea maji tangu miaka ya 1950, zaidi ya kilomita 200. Mengine yanatoka Baricho, ukingoni mwa mto Sabaki. Mji uliopigiwa hesabu wakati ule si mji huu. Bomba la pili la Mzima tumeahidiwa mpaka ahadi yenyewe imeota mvi, na sasa tunatajiwa bwawa la Mwache kule Kwale. Katikati ya ahadi na ahadi kuna mkokoteni na mitungi yake, na mwenye mkokoteni anajua siku gani mfereji umekauka, kwa hivyo anajua bei ya kutaja. Mwenye pesa anakunywa chai ya Mzima. Asiye nazo anakunywa chai ya kisima, na ili asisikie chumvi anaongeza sukari, vijiko vinne, vitano. Halafu kliniki wanamwuliza sukari imempanda kwa nini.

Kwa hiyo msimamo wa maskani yetu ni huu, na anayeupinga aje na mtungi wake. Hakuna haja ya kubishana BP1 na PF1, nyeupe na kijani, mchaichai na mrehani, kabla ya kuulizana maji. Mwenye maji ya kisima asipoteze shilingi kwenye chai nyepesi. Atie majani yenye nguvu, tangawizi na maziwa, na sukari aipunguze. Mwenye maji matamu aonje apendavyo, lakini asimcheke jirani kwamba hana ulimi wa chai. Ulimi anao. Mfereji ndio hana.

Na uchaguzi wa 2027 hauko mbali. Watakuja, na vipaza sauti, na shati zilizopigwa pasi, wataketi kwenye benchi hili hili wapigwe picha wakinywa chai na wananchi. Mama wa mahamri ameshasema atawapikia mwenyewe: majani mazuri kabisa, yale ya mnada, maji ya kisima, bila maziwa, bila sukari. Waonje kitaalamu, wafyonze kwa kelele mpaka nyuma ya koo. Ndoo ya kutemea hatuweki.