Kilomita za "Hapo Tu"

Dar es Salaam haina umbali. Ina "hapo tu". Ukiuliza njia pale Manzese utaambiwa ni hapo tu, ukifika hapo tu utaambiwa sogea mbele kidogo, na hicho kidogo kinaweza kukutoa jasho mpaka Ubungo. Wenyeji wamezoea, na hakuna kinachoumia zaidi ya soli za viatu. Balaa huanza lugha hii inapoingia kwenye swichi ya Fibre Channel, mtambo unaounganisha mashine za kuhifadhi data, maana swichi haijui utani. Ukiiandikia kilomita 40, kwake ni 40 na mjadala umefungwa.

Fundi mmoja wa tehama jijini alikutana na balaa hilo taasisi yake ilipoweka kituo cha akiba cha data Kibaha. Kituo kikuu kilibaki Posta, na kati ya vituo hivyo zikakodiwa laini mbili za faiba, ya pili ikiwa ya kushika zamu siku ya kwanza ikikatika. Kila muamala unaoandikwa Posta ulipaswa kuandikwa Kibaha pia kabla mteja hajaambiwa "tayari". Taa za poti zikawaka kijani pande zote mbili, watu wakapeana mikono, wakubwa wakapiga picha na kabati la mashine. Kesho yake asubuhi foleni ilifika mlangoni, na keshia akatoa tamko linalojulikana nchi nzima: "Mtandao unasumbua."

Swichi hizi hazirushi data kwa kubahatisha. Upande unaopokea hutangaza mapema una bafa ngapi, yaani nafasi ngapi za kupokelea fremu, vile vifurushi vya data. Upande unaotuma hupunguziwa moja kwa kila fremu unayoitoa, na zikiisha husimama hadi urudishiwe ishara kwamba nafasi imepatikana. Ni biashara ya kreti za soda: huna kreti tupu, hupewi iliyojaa, hata kama pesa unayo mkononi. Duka likiwa mtaa wa pili, kreti nane zinatosha na zinabaki. Likiwa mbali, kreti zako zote ziko barabarani, nyingine zinakwenda zimejaa, nyingine zinarudi tupu, na wewe umekaa kwenye stuli unahesabu magari ya watu.

Hesabu yenyewe haitishi. Mwanga ndani ya faiba hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani maikrosekunde 5 kwa kila kilomita. Fremu kubwa kabisa ya Fibre Channel hubeba baiti 2,112, na kwa kasi ya gigabiti 8 fremu hiyo, ikinyooshwa ndani ya waya, ina urefu wa karibu nusu kilomita. Basi waya wa kilomita 50, kwenda na kurudi 100, unataka bafa 200 hivi ili usikae bure. Ukiwa na 20 unaambulia sehemu moja ya kumi ya kasi uliyolipia, na taa inaendelea kuwaka kijani bila haya.

Fundi hesabu aliijua. Alichokosa ni umbali. Dereva wa ofisi alisema kilomita 40, akaongeza "kama hakuna foleni". Meneja alichora mstari mnyoofu kwenye ramani ya simu, akapata pungufu ya hapo na kufurahi kama vile ameokoa bajeti. Kampuni ya faiba ilipopigiwa, sauti changamfu ikajibu, "Ni hapo hapo tu bosi, wala usiwe na wasiwasi." Fundi akamwamini dereva, ambaye angalau alitaja namba.

Ukweli ulipatikana Mbezi, kando ya barabara ya Morogoro, mikononi mwa msimamizi wa kikosi kilicholaza ule waya.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana. Ndio nyie mnaolalamika?"

Mzee alifunua mfuniko wa shimo. Ndani, ukutani, ulining'inia waya mweusi uliozungushwa mizunguko kadhaa na kufungwa vizuri. "Huo unauona? Mita 30 hizo. Kila shimo lina wake, ili siku greda likikata tupate pa kuvuta. Halafu barabara ilipopanuliwa tulihamia huku, daraja lile tukalikwepa, kiwanda kile kikakataa tusipite mbele yake. Wewe umepima lami, baba. Mimi nimelaza waya." Wakatoa kile kipimo kinachorusha mwanga na kuusubiri urudi. Kikasema 58.

Kilomita 58 zinataka bafa 232. Kwa kilomita 40 za dereva, poti ilikuwa imepewa 160. Karibu theluthi ya uwezo wa laini ilikuwa inaliwa na mizunguko ya ukutani, daraja lililokwepwa na kiwanda chenye kiburi.

Kichekesho ni kwamba swichi ilikuwa inajua. Fundi alikuwa ameiweka katika hali ambayo Brocade, watengenezaji wake, huiita LD, ambapo swichi hutuma ishara maalumu, huisubiri irudi, na kupiga hesabu ya umbali yenyewe. Lakini namba aliyoandika binadamu hubaki kuwa kikomo: swichi ikipima zaidi ya hapo, hufuata ya binadamu. Kwa hiyo ilipima 58, ikakaa kwenye 40 kwa sababu imeagizwa. Amri ya portbuffershow ilikuwa na safu nzima inayotaja umbali uliopimwa, na kaunta ya tim_txcrd_z, inayohesabu muda ambao poti imesubiri bila bafa kwa vipande vya maikrosekunde 2.5, ilikuwa imefura vibaya. Hakuna aliyezitazama. Wote walikuwa wanatazama taa.

Mtu aliyeumwa na uchache hukimbilia wingi. Fundi akaizima LD ili swichi ifuate namba yake tu, akaandika 200, ili mambo yaishe moja kwa moja. Swichi yake ilikuwa Brocade 300, yenye poti 24 na bafa 700 kwa ujumla wake, na kilomita 200 kwa gigabiti 8 zinataka kama 800. Laini ya kwanza ikakomba kila kilichokuwa ghalani. Ya pili, ile ya kushika zamu, ikakataa kuwaka na kueleza sababu: bafa hazitoshi. Taasisi ilikuwa imelipia laini ya akiba, na sasa laini iliyokuwa inawekewa akiba ndiyo iliyoizima. Angeandika ukweli kwenye zote mbili, jumla isingefika 500 na kila mmoja angekula akashiba.

Katikati ya purukushani hizo kulikuwa na kijana wa mafunzo kwa vitendo aliyejaribu moduli mbili za kurushia mwanga, za masafa ya kilomita 80, mezani, kwa kuziunganisha na kamba ya mita mbili. Leza iliyotengenezwa kusukuma mwanga kutoka mji hadi mji ikamulika jicho la mwenzake lililo pua kwa pua, bila kipunguza mwanga katikati. Jicho halikuamka tena. Bei yake tuiache.

Umbali umewahi kuwatania wakubwa zaidi. Mwaka 2002 Mmarekani Trey Harris alisimulia kisa cha mwenyekiti wa idara ya takwimu katika chuo kikuu alichokuwa akihudumia, aliyelalamika kwamba barua pepe haziendi zaidi ya maili 500. Harris akajaribu, na kweli zikagoma. Programu ya Sendmail ilikuwa imerudishwa kwenye toleo la zamani lisiloelewa mafaili ya toleo jipya, hivyo muda wa kusubiri jibu ukawa sifuri, ambao kwenye mashine ile ulikuwa kama milisekunde 3. Mwanga husafiri kama maili 558 katika muda huo. Wanatakwimu, kwa heshima zao, walikuwa wameshachora na ramani.

Posta walipoandika 58 kwenye poti za laini zote mbili, kila upande, foleni ilipungua. Kikao cha tathmini kikaitishwa hata hivyo. Mhasibu akataka kujua kwa nini wasinunue gigabiti 16 wamalize kazi, na fundi akaeleza kwamba kasi ikizidi mara mbili fremu hufupika hadi robo kilomita, hivyo bafa nazo lazima ziwe mara mbili. Kisha mkurugenzi akauliza kuhusu milisekunde moja na kidogo ambayo bado kila muamala unaisubiri. Fundi akafafanua: amri inakwenda Kibaha, jibu la "lete" linarudi, data inakwenda, risiti inarudi, safari nne za kilomita 58, na hapo bafa hazisaidii kitu kwa sababu mwanga una mwendo wake.

Mkurugenzi akatikisa kichwa kwa uelewa mkubwa. Kumbukumbu za kikao, kipengele cha yatokanayo, zikaandikwa hivi: tehama wafuatilie suala la kasi ya mwanga na kuleta taarifa kikao kijacho.