Diski Mpya, Mashine Kongwe

SSD ni diski isiyo na kisahani cha kuzunguka wala kichwa cha kusomea. Data yake hukaa kwenye chipu. Katika laptopu ya mwaka 2012, tofauti hiyo ndiyo huamua kama mwenyewe ataanza kuandika barua mara tu anapoiwasha, au atapata nafasi ya kwenda kununua mahamri, kusalimiana na jirani na kurudi akute kiduara bado kinazunguka. Diski nyingi za zama hizo huzunguka mara 5,400 kwa dakika na husoma megabaiti mia moja hivi kwa sekunde. SSD ya SATA hukaribia 550. Hata hivyo, tarakimu hizo hazielezi yote. Diski ya kuzunguka hupoteza muda mwingi ikingoja kisahani kilete kipande cha faili chini ya kichwa, na Windows inapowaka huitisha vipande maelfu kwa maelfu. SSD haingoji kitu.

Tononoka, mtaa wa Mombasa wenye mahakama, shule na ukumbi wa jamii, haukosi mashine za namna hii. Nyingi ni ex-UK: zilistaafu katika ofisi za ng'ambo, zikaletwa huku kuajiriwa upya. Mwenye nayo huingia dukani na swali moja tu, "GB ngapi?" Linalopaswa kutangulia ni tundu la diski likoje.

Laptopu kongwe zaidi hutumia diski ya inchi 2.5, na hapo utata ni unene. SSD nyingi zina milimita 7, ilhali mashine kadhaa zilitengenezewa diski ya 9.5, kwa hiyo SSD huingia ikabaki inacheza. Baadhi ya diski huja na fremu ya plastiki ya kuziba pengo. Fremu hiyo hutupwa pamoja na boksi, kisha fundi hukatakata kadibodi ya kiberiti akaijazia. Kadibodi hufanya kazi barabara, ila ni afadhali mteja asiione. ThinkPad X230 ya 2012 nayo imejengewa milimita 7. Diski nene ya kuazima haiingii hata ikisomewa dua.

Mkasa hasa uko kwenye SSD za vibao vyembamba. Dell Latitude E7440 ya 2013 hutumia kibao cha aina ya mSATA. Baadaye ikaenea M.2, ambayo kwa kawaida ina upana wa milimita 22 na urefu wa 80, ndiyo maana huandikwa 2280. Ndani ya M.2 mna koo mbili, SATA na NVMe, zenye umbo lilelile. Ya SATA mara nyingi ina mapengo mawili kwenye meno yake, ya NVMe moja. Mnunuzi aliyesikia kwamba NVMe hupita megabaiti 3,000 huichukua kwa fahari, kumbe mashine yake ni ya SATA: inawaka na kudai haina diski kabisa. Atalaumiwa fundi, litalaumiwa duka. Shemeji aliyetoa ushauri kwa simu halaumiwi. Kufungua kifuniko cha chini na kupiga picha ya tundu kabla ya kutoka nyumbani kungemaliza kesi.

Kuhusu ukubwa, GB 240 zamtosha mtu wa barua na hesabu. Uimara nao huhangaisha watu bure. Kingston A400 ya GB 240 imekadiriwa kuandikwa terabaiti 80. Anayeandika GB 20 kila siku ataimaliza baada ya miaka kumi na moja hivi, na kufikia hapo chumvi ya bahari itakuwa imeshaila mashine. La kuogopa ni diski ya "2TB" kwa bei ya chakula cha mchana. Ndani yake huweza kuwa na kadi ya kumbukumbu ya simu iliyogundishwa, iliyofunzwa kudanganya; ikijaa, faili hupotea kimyakimya. Programu ya H2testw huiumbua.

Hubaki kunakili data kutoka diski ya zamani hadi mpya. Mashine kongwe aghalabu betri imekufa, kwa hiyo stima ikipotea katikati, kazi huanza upya. Hilo ni dogo. Kubwa ni kukosea upande: programu huuliza chanzo na kituo, mwenye haraka hubonyeza kinyume, na utupu wa diski mpya hunakiliwa kwa uaminifu juu ya picha za harusi.

SSD haibadilishi prosesa. Windows 10 ilikoma kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa nyingi za kabla ya 2018 hazimo katika orodha ya Windows 11. Wengine huhamia Linux. Diski ya zamani hutiwa kwenye kasha la USB ikawa ya akiba, isipokuwa ile inayogongagonga, ambayo haifai hata kwa hilo.