Sifa za Rasimu Mbovu

Miongoni mwa viumbe vya fasihi vinavyodharauliwa bila hatia, hakuna kinachostahili sifa kama rasimu mbovu, yaani andiko la kwanza la hadithi ambalo mtunzi mwenyewe huona haya kulisoma kwa sauti, kwa kuwa wahusika wake hubadili majina katikati ya safari na mvua hunyesha humo kila mtunzi anapoishiwa la kusema. Rasimu hii haina kiburi: hulala chini ya kitanda pamoja na vitunguu, huvumilia kalamu nyekundu bila kujibu, na ikikataliwa kabisa hutumika kuwashia moto jikoni, wema ambao vitabu vichache tu vilivyochapishwa vimewahi kuwatendea watunzi wao.

Mkulima wa ulezi wa Nyansurura, wilayani Serengeti, angeielewa rasimu upesi kuliko mhakiki, kwa sababu ulezi una gugu la jamii yake ambalo likiwa changa hufanana nao mno, hata mwenye pupa hung'oa chakula akaacha adui. Sentensi mbovu nayo huota vivyo hivyo, ikiwa imevaa jani la sentensi nzuri (na aghalabu ndiyo mtunzi aipendayo kuliko zote), hivyo ubovu wake haujulikani mpaka uachwe ukomae. Hapo ndipo kazi mbili hutengana: kudurusu, yaani kuirudia hadithi na kuuliza kama msuko wake, ambao ni mpangilio wa matukio, unasimama, na kuhariri, yaani kusafisha maneno ya kile kilichosalimika. Anayehariri kabla ya kudurusu hupalilia kwa uangalifu mkubwa shamba ambalo kesho atalilima upya.

Subira ya chini ya kitanda iliwahi kuupata hata mswada usio mbovu. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Viktoria, alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa mchapishaji, kisha akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, kazi iliyomlazimu kupita tena juu ya kila sentensi aliyoitunga; Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka ikachapishwa Dar es Salaam mwaka 1980, miaka 35 baadaye, na mtunzi akafariki mwaka 1981. Mwandishi anayelalamika kwamba rasimu yake imelala wiki mbili na airudishe chini ya kitanda, ila aitenge na vitunguu.