Shahada ya Historia ni Sawa na Bodaboda Nne

Mkuu wa Shule, Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, wazazi, walezi, wahitimu wa kidato cha sita wa HGL, HKL na HGK, na ninyi wa PCB mliofuata soda: itifaki imezingatiwa. Kaeni. Mmeshakaa? Basi kaeni vizuri zaidi, maana yanayokuja ni mazito.

Mshereheshaji amenitambulisha kama "mdau wa elimu". Namsamehe. Mdau ni mtu yeyote aliyewahi kununua daftari. Mimi ni Mbobezi wa Uchumi Linganishi wa Shahada, cheo ambacho nchi nzima anacho mtu mmoja tu, kwa kuwa aliyekitunga ni yeye. Nimefanya utafiti wa miaka kumi na moja katika vijiwe vitatu vya kahawa, na matokeo yangu hayajawahi kupingwa na mtu yeyote niliyekuwa namlipia kahawa.

Mada niliyopewa ni hii: je, mtoto akasome historia chuo kikuu? Jibu ni hapana. Ningeweza kuishia hapo nikachukua posho yangu, lakini nimepanda SGR mpaka hapa Kilosa, na nauli ya watu lazima ifanye kazi.

Wengine hupima shahada kwa wito. Wengine kwa ndoto, hasa wanaolala mchana. Mimi nimegundua kipimo cha kisayansi, nacho ni bodaboda. Chukueni kalamu. Ada ya shahada ya sanaa kwenye chuo cha umma, tuseme milioni moja na laki mbili kwa mwaka. Bumu, ile fedha ya chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo, elfu kumi kwa siku. Piga kwa siku 240 za masomo, unapata milioni mbili na laki nne. Fedha ya vitabu laki mbili, ambayo kwa utafiti wangu hununua kila kitu isipokuwa vitabu. Ongeza nauli ya likizo, ndoo, kandambili za bafuni na michango ya send-off za watu usiowajua. Milioni nne kwa mwaka. Miaka mitatu, milioni 12. Pikipiki moja tuseme milioni tatu. Kwa hiyo shahada ya historia ni bodaboda nne. Andikeni hiyo, itatoka kwenye mtihani wa maisha.

Sasa oneni maajabu ya elimu. Bodaboda moja inakuletea hesabu ya elfu kumi kwa siku. Bumu nalo ni elfu kumi kwa siku. Tofauti ni kwamba moja inaingia na nyingine inaliwa chipsi. Bodaboda nne, siku 26 za kazi, miezi 36: milioni 37, laki nne na elfu arobaini. Makofi tafadhali.

Mzee wa kanzu pale mbele anauliza ni nani atakayemkopesha mwanawe milioni 12 za pikipiki, maana Bodi inakopesha wanaokwenda chuo tu. Swali zuri sana, Mzee wangu. Liko nje ya mada. Anauliza pia zikiibwa mbili na ya tatu ikilala kituo cha polisi. Shikamoo Mzee, tuendelee.

Tuje kwenye deni. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2016, mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara wako kabla hujauona. Chukua mshahara wa laki saba, wa kufikirika. Makato ni 105,000 kila mwezi. Milioni 12 zitakwisha baada ya miezi 114 na ushee, yaani miaka tisa na nusu. Vita Kuu ya Kwanza ilipiganwa miaka minne, ya pili miaka sita. Deni lako, ndugu mhitimu, ni karibu sawa na Vita Kuu zote mbili zikiunganishwa bila mapumziko, na Umoja wa Mataifa hauji kukusuluhisha. Tena shukuruni. Ile asilimia sita ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa mwaka 2021. Zamani deni lilikuwa likinenepa kila ukiligeuzia kisogo.

Naomba isionekane kwamba nimetumia historia kuwaelewesha hesabu. Ule ulikuwa mfano tu.

Na hapa nitoe siri moja ambayo ofisini kwangu huwa inalipiwa. Ofisi yangu ni stationery, lakini ina feni. Watoto wanakuja kuomba vyuo, wanaona "Historia", wanabofya. Hawajui kwamba kuna shahada ya sanaa yenye historia ndani yake, na kuna shahada ya sanaa na elimu ambamo historia ni somo la kufundishia, ukiliunganisha na Kiswahili au Jiografia. Majina yanafanana kama pacha, ila huyu wa pili anaweza kushika chaki. Yule wa kwanza akitaka kuwa mwalimu arudi tena kusoma stashahada ya uzamili ya elimu, kwa fedha yake. Tofauti nzima imo kwenye neno moja, na mzazi amelipa bila kulisoma. Nimewaona wanalia pale kaunta. Sikuwahi kucheka. Nilicheka mara moja.

Mtaniambia: Mwalimu Nyerere alifundisha historia Pugu. Kweli kabisa. Na mwaka 1955 akaacha kazi. Kwa hiyo hata Baba wa Taifa hakudumu na ualimu wa historia. Kwamba baadaye alipata kazi nyingine, tena Ikulu, hilo ni suala la koneksheni.

Mtaniambia pia habari za Mlimani. Naijua Idara ya Historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuliko inavyojijua. Miaka ya sitini walikuwepo akina Ranger, Kimambo, Temu, Iliffe na Walter Rodney, na hakuna hata mmoja aliyefungua saluni. Rodney akatoa kitabu mwaka 1972 kueleza jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Nimetafuta humo sura ya nafasi za ajira, sikuiona. Mwaka 1968 wanafunzi walipewa madaftari wakatawanyika vijijini kuwahoji wazee walioiona Maji Maji kwa macho yao, wazee waliokuwa vijana kati ya mwaka 1905 na 1907. Piga hesabu ya nauli. Piga hesabu ya wino. Mzee anasimulia mpaka jua linazama, hatoi risiti.

Wazee wale wamezikwa wote. Wasingehojiwa mwaka ule, leo tungekuwa na masimulizi ya maofisa wa Kijerumani peke yao, na mtoto wa Songea angesoma habari za babu yake kutoka kwa mtu aliyemnyonga. Lakini hilo haliuziki sokoni, kwa hiyo nalipita.

Pigo jingine limetoka kwa Serikali yenyewe. Nimeshatangaza kila mahali kwamba historia haina soko, mara mtaala mpya unaleta Historia ya Tanzania na Maadili, somo la lazima sekondari, tena kwa Kiswahili. Hakuna aliyenishauri. Limenivurugia sura mbili za kitabu changu ambacho bado sijaanza kukiandika. Hata hivyo matangazo ya ajira za ualimu bado yanawaita kwanza watu wa fizikia na hisabati, na wa historia wanajitolea kwenye shule za kata huku wakisubiri. Hapo nimepata faraja kidogo.

Sasa nawapa mfano wa mwisho, ninaoupenda kuliko yote, na niliuhifadhi kwa sababu ya mahali tulipo. Msovero ni wilaya hii hii. Novemba 1884, Karl Peters aliingia Usagara na makaratasi yake ya Kijerumani. Chifu Mangungo wa Msovero akapewa moja, akaambiwa ni urafiki, akatia alama, nchi ikaondoka. Tarehe 27 Februari 1885 Kaisari akatoa hati ya ulinzi juu ya nchi hizo. Miezi mitatu tu kutoka Msovero hadi kwa Kaisari! Bumu lenyewe huwa linachelewa kuliko hivyo. Basi nawaambieni, kijana anayesaini fomu ya mkopo bila kuisoma ni Mangungo mwenye simujanja. Historia ingemsaidia nini Mangungo?

Naam, binti wa mstari wa tatu. Sema kwa sauti.

Anasema Peters alikuwa na udaktari. Wa historia. Berlin, mwaka 1879. Anasema utafiti wake ulihusu mkataba wa amani wa Venice wa mwaka 1177. Anasema mtu aliyefika Usagara na karatasi alikuwa amesomea makaratasi ya namna hiyo, na kwamba upande wa pili wa mkeka hakuwepo hata mmoja aliyesoma... Inatosha, binti. Wewe ni HGL? Nilijua.

Nakujibu kitaalamu. Kwanza, Peters hakukopa Bodi. Pili, wenyeji walimwita Mkono wa Damu, na mwaka 1897 Serikali yake ilimfukuza kazi kwa ukatili wake kule Kilimanjaro. Kwa hiyo ajira yake nayo haikudumu. Tatu, huwezi kusema kwamba shahada ilimlipa, kwa kuwa walioilipia ni... Naona makofi yameanza kabla sijamaliza, na yanaelekea upande usio wangu. Mzee wa kanzu, hata wewe?

Muda hauniruhusu. Treni haimsubiri mbobezi. Mwenye kutaka ushauri zaidi aje stationery, kuomba chuo ni elfu kumi na kopi ya cheti ni bure kwa wawili wa kwanza. Kwa wale mtakaosoma historia hata baada ya hotuba hii, mje pia, bei ni ile ile.

Mhasibu, ndiyo hiyo karatasi ya posho? Ilete. Nisaini wapi, hapa chini? Na hapa? Kurasa tatu za nini kwa posho ya mtu mmoja? Hapana, sina haja ya miwani, nawaamini, hii ni shule. Tayari.

Binti, shusha mkono. Maswali yamekwisha.